Gitaa la Mtu wa Tano

"Losing My Religion" wa R.E.M., uliotoka mwaka 1991, umepigwa sana redioni hivi kwamba hata asiyeijua bendi huutambua kwa mandolini ya mwanzo. Mandolini hiyo ni ya Peter Buck, besi ni ya Mike Mills, ngoma ni za Bill Berry na sauti ni ya Michael Stipe. Hao wanne ndio walioandikwa watunzi, kwa pamoja, kama ilivyokuwa desturi ya bendi yao. Ukisikiliza kwa makini, chini ya mandolini kuna gitaa kavu linaloubeba mwendo wa wimbo. Analipiga mtu wa tano, Peter Holsapple, ambaye alikuwa mtunzi na mwimbaji wa bendi nyingine. Wapo wanaomsimulia kama mtu aliyefika mlangoni mwa umaarufu akafungiwa. Kwa maoni yangu masimulizi hayo yanampunja. Miaka yake ya kupigia wengine ndiyo iliyomwezesha kuendelea kutunga, na pale alipopungukiwa, sababu ilikuwa namna umiliki wa muziki unavyoandikwa kwenye karatasi.

Tuanze na nyimbo zake, maana wengi huanza na za wengine. Holsapple alikulia Winston-Salem, North Carolina, pamoja na Chris Stamey na Mitch Easter. Easter ndiye aliyekuja kuirekodi R.E.M. mwanzoni, kwenye studio aliyoitengeneza katika gereji ya wazazi wake. Holsapple na Stamey walikutana tena New York ndani ya The dB's, na mwaka 1981 bendi hiyo ikatoa albamu mbili, Stands for Decibels na Repercussion. Zote zilitolewa na lebo ya Uingereza. Mmarekani aliyetaka kununua muziki wa Wamarekani hawa alilazimika kutafuta nakala zilizoagizwa kutoka ng'ambo. Stamey alipoondoka, Holsapple akabaki na mzigo wa utunzi, na mwaka 1984 wakatoa Like This kwa lebo ya Bearsville, iliyoanzishwa na Albert Grossman, meneja wa zamani wa Bob Dylan. Muda mfupi baadaye usambazaji wa Bearsville kupitia Warner ukavurugika, na albamu ikaadimika madukani wakati ule ule wasikilizaji walipokuwa wakiitafuta. Iliyofuata, The Sound of Music, ilitoka mwaka 1987, na mwaka uliofuata bendi ikavunjika. Katika historia hiyo yote sioni mahali ambapo wasikilizaji walizisikia nyimbo wakazikataa. Hazikuwafikia.

Hapo ndipo R.E.M. walipomwita. Walihitaji mtu wa kuongeza gitaa na kinanda jukwaani katika ziara ya mwaka 1989 ya albamu yao ya Green, na Holsapple alikuwa mtu wao wa karibu, kwani The dB's waliwahi kuwafungulia maonyesho. Kazi ya namna hii wanamuziki wa Dar es Salaam wanaiita deiwaka: unaingia bendi ya watu, unashika nyimbo zao kwa siku chache, unapiga kama ulizaliwa nazo, unalipwa, unaondoka. Si kazi nyepesi. Anayeipata lazima awe na sikio la haraka na vidole vinavyohama kutoka chombo hadi chombo. Kuliko vyote, lazima awe na busara ya kujua wapi anyamaze, sifa ambayo watunzi wengi hawana, kwa kuwa mtunzi amezoea kuwa katikati. Holsapple aliimudu kiasi cha kupelekwa studio kurekodi Out of Time, albamu yenye wimbo ule wa mandolini. Na studio yenyewe ilikuwa ipi? Bearsville, karibu na Woodstock, iliyoanzishwa na Grossman huyo huyo ambaye lebo yake ilishindwa kuifikisha madukani albamu ya The dB's. Aliyekaa kwenye mitambo alikuwa Scott Litt, prodyuza aliyefanya kazi kwenye Repercussion. Chumba kilikuwa na ujuzi ule ule na mikono ile ile. Kilichobadilika ni jina la bendi na nguvu ya kampuni iliyouza santuri.

Sasa tuje kwenye fedha. Wimbo uliorekodiwa hubeba haki mbili. Moja ni ya utunzi, nyingine ni ya ile rekodi yenyewe. Mpigaji wa kukodishwa kwa kawaida hana fungu katika yoyote kati ya hizo. Ana ujira wake wa siku. Marekani imeongeza ugumu wake: redio ya kawaida ya AM na FM humlipa mtunzi na mchapishaji wake, lakini hailipi chochote kwa waliopiga na kuimba kwenye rekodi. Redio za intaneti na za setilaiti hulipa, na sheria imeugawa mrabaha huo wazi: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii mkuu, na 5 kwa wapigaji na waitikiaji wote wa kando kwa pamoja. Kwa hiyo kila kituo cha FM kinapoucheza wimbo ule, gitaa kavu linasikika tena na mpigaji hapati kitu. Kwa haki ni lazima niongeze kwamba kwenye FM hata R.E.M. wenyewe hulipwa kama watunzi tu.

Kuna atakayesema: fundi akishajenga nyumba na kulipwa, hadai kodi ya pango. Hoja hii ina uzito, na siipingi kwa upande wa ujira. Holsapple alikubali kazi kwa hiari yake. Ila nyumba hukaliwa na familia moja kwa wakati mmoja, na fundi ataitwa kujenga nyingine. Rekodi huuzwa upya kila inaposikilizwa, na kila inapouzwa inauza mkono wa yule yule mpigaji. Isitoshe, ile asilimia 5 ni ushahidi kwamba sheria yenyewe imeukubali msingi huo. Tunachobishana ni kiasi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba deiwaka hula muda wa mtunzi. Baada ya R.E.M., Holsapple alifanya kazi kwa miaka mingi na Hootie & the Blowfish, bendi ambayo albamu yake ya Cracked Rear View ya mwaka 1994 imethibitishwa kuuza zaidi ya nakala milioni 20 Marekani. Albamu binafsi ya Holsapple, Out of My Way, ilitoka mwaka 1997, na iliyofuata, Game Day, ikatoka mwaka 2018. Miaka 21! Anayeitaja namba hiyo kama ushahidi wa kushindwa anaacha mengi nje. Katikati yake kuna Vermilion na Better Day za The Continental Drifters, bendi ya New Orleans aliyokuwamo pamoja na Vicki Peterson wa The Bangles na Susan Cowsill. Kuna albamu ya mwaka 2009 na Stamey, na kuna Falling Off the Sky ya mwaka 2012, The dB's waliporudi pamoja. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyouza kama Hootie, wala haikulazimika kuuza hivyo, kwa sababu mshahara wa ziara za wengine ulikuwa ukimlisha mtunzi.

Ninachokubali ni kwamba mfumo huu hauna kinga. Tazama Scott McCaughey, kiongozi wa Young Fresh Fellows na The Minus 5, aliyewapigia R.E.M. tangu mwaka 1994 hadi bendi ilipovunjika mwaka 2011, huku akitoa albamu zake bila kukoma. Novemba 2017 alipata kiharusi akiwa safarini kikazi. Katika nchi ambako bima ya afya kwa wengi huja na ajira ya kudumu, gharama zake zilitegemea pia michango ya mashabiki na maonyesho ya marafiki. Alianza kuandika maneno ya albamu ya Stroke Manor akiwa bado hospitalini, nayo ikatoka mwaka 2019. Ujasiri huo unastahili heshima yote, lakini matibabu ya mpigaji hayapaswi kungoja harambee.

Wapo vijana wetu huku Marekani wanaopiga gitaa na kinanda kwenye albamu za watu, za injili, za Bongo Fleva, hata za roki. Wewe uliye mmoja wao, kabla ya kuondoka studio hakikisha jina lako na chombo ulichopiga vimeandikwa kwenye taarifa za rekodi. Kama sehemu ya wimbo umeitunga wewe, lisemeni siku hiyo hiyo na kuandikiana mgawanyo. Ile asilimia 5 hukusanywa na mfuko wa vyama vya wanamuziki na waimbaji, AFM na SAG-AFTRA, na kudai fungu lako hakuhitaji kuwa mwanachama. Jina lisiloandikwa popote halilipwi.