Daftari la Hayakuhusu

Nilikwenda Ngamiani kumfuata fundi baiskeli, sikwenda kutafuta habari. Fundi hakuwepo. Nikasimama kivulini kumngoja, ndipo nikaona kwenye geti la nyumba ya jirani kaunta buku imening'inizwa kwa kamba ya katani, na peni imefungwa pembeni yake kama zile za benki. Udaku ndio kazi yetu. Nikaifunua.

Ukurasa ulionijia ulikuwa na mwandiko wa mtoto: "Haya ameanguka hapa getini. Nimehesabu mpaka 94. Sijamgusa." Chini yake kuna mwandiko wa mtu mzima, ulionyooka: "Saa 9:20 usiku, karibu na karai. Dakika 2. Kakojoa. Kaamka haoni, kanigonga goti. Saa 10 kala ugali wote." Kurasa zote zimepigwa mistari kwa rula: tarehe, saa, muda, mahali, baada ya hapo. Safu ya mwisho, pana kuliko zote, imeandikwa "Sababu". Nikafunua nyuma, nikafunua mbele. Safu ile ilikuwa tupu toka ukurasa wa kwanza, isipokuwa mahali pachache ambapo mtu aliandika "joto" au "fataki", na mkono mwingine ukapita ukafuta.

"Ukimaliza kusoma, karibu ndani," sauti ya mama ikatokea nyuma ya geti. Nikatoa shikamoo kwa aibu.

Mwenye daftari ni muuguzi mstaafu. Mtaa mzima bado unamwita Sista, nami nitamwita hivyo kwa kuwa hakutaka jina lake liandikwe. Mbwa anaitwa Hayakuhusu. Wa Pwani hahitaji maelezo: huku mbwa anaweza kupewa jina kama khanga inavyopewa maneno, anayeitwa ni mbwa, anayesemwa ni jirani. "Nilipomleta watu walisema sana," Sista aliniambia. "Mstaafu mzima kaokota mbwa jalalani! Basi nikawa nasimama hapo getini, naita kwa sauti: Hayakuhusu! Njoo, Hayakuhusu!" Akacheka mpaka akafuta macho. Siku hizi anaitwa Haya tu.

Alimwokota nyuma ya soko la Mgandini, masika ya miaka minne iliyopita, shingoni ana waya uliokwisha kuzama nyamani. Bwana mifugo alimtazama meno, akakadiria miaka miwili. Kidonda kikapona, mbwa akanenepa, akajifunza kulala mlangoni. Mwezi wa tatu akaanguka barabarani, mchana, watu wanatazama: miguu inapiga hewa, taya linatafuna, povu.

"Nikasikia kichaa, kichaa! Kutoka nje, vijana wameshika mawe, mmoja ana nondo. Nikamwinamia. Nikawaambia pigeni, lakini mtaanza na mimi."

Hofu ya vijana wale haikuwa ya kijinga, na Sista ndiye wa kwanza kusema hivyo. Kichaa cha mbwa dalili zikishajitokeza, mtu karibu hana njia ya kupona. Aliyeng'atwa huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hukimbilia hospitali kupata chanjo, asingoje kuona mbwa atakuwaje. Kwa hiyo hakubishana nao. Bwana mifugo akaagiza Haya afungiwe uani siku 10, na mwenyekiti wa mtaa akatangaza hivyo. Kila jioni watu walikuja kuchungulia juu ya ukuta, wengine wamebeba watoto mabegani.

Siku ya nne akaanguka tena. Ya saba, tena. Kila mara alinyanyuka, akazunguka uani kama mlevi, akatafuta karai la chakula. Siku ya 11 alikula ugali kwa dagaa mbele ya mwenyekiti.

"Mbwa mwenye kichaa asingefika siku hiyo," alisema Sista. "Kichaa kinakuja mara moja, kinamaliza. Hiki cha kwake kinaondoka, kinarudi. Mimi usiku kucha naomba Mungu kisirudi, kumbe kurudi kwake ndiko kulikomwokoa."

Daftari lilianzia hapo, likiwa ushahidi kwa majirani. Kadi ya chanjo ya kichaa, inayogongwa muhuri kila mwaka, imegundishwa ndani ya jalada. Hili la sasa ni daftari la pili.

Haya ana kifafa. Bwana mifugo alimwambia Sista ukweli: kifafa cha mbwa alikisoma darasani Morogoro, mikononi hajawahi kukishika. "Nikamjibu, mwanangu, mimi cha watu nimekishika miaka 30, hebu tusaidiane." Dawa waliyofikia ni ileile aliyokuwa akiigawa wodini, fenobabitoni, ambayo imetumika kwa kifafa cha binadamu tangu 1912. Bwana mifugo huandika cheti, duka la dawa hutoa, kwa kuwa si dawa ya kununua kiholela. Vidonge viwili vya miligramu 30 asubuhi, viwili jioni, kwa mbwa wa kilo 20. Kipimo hicho ni cha Haya, msomaji usikichukue ukampe wa kwako.

Ndani ya wiki mbili maanguko yalipungua, njaa ikaanza. Dawa hii humfanya mbwa ale kama hana kesho, anywe maji, akojoe kila saa. Haya alikula nusu mche wa sabuni. Alikula dagaa wa jirani waliokuwa wameanikwa, na jirani akaandikiwa deni daftarini, safu ya "baada ya hapo". Sista anamfunua macho na ufizi kila Jumapili kutazama kama kuna umanjano, maana ini ndilo linaloilipia dawa hii.

Saa za dawa ni saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Mzee wa nyumba ya mbele hagusi mbwa, analinda twahara yake, lakini akitoka kwenda kuswali Magharibi hupaza sauti bila kugeuza shingo: "Sista, umempa?" Miaka minne sasa. Na Sista, aliyempa mbwa jina la kuwafukuza watu, hujibu: "Nimempa, Mzee."

Nilimuuliza kwa nini daftari liko nje. Alikawia kujibu, akawa anachambua mchele. "Wodini nilipokea watoto walioungua. Mtoto kaanguka kifafa jikoni, kaangukia mafiga, na watu wazima wamesimama pembeni wanaogopa povu. Wanasema likikugusa unaambukizwa." Akapuliza ungo. "Hapa watoto wanajua. Usimtie kijiko mdomoni. Sogeza mawe. Hesabu. Ikipita dakika tano, kimbia uniite. Wanajifunzia kwa mbwa."

Kuna ukurasa mmoja sikuweza kuupita. Siku mbili, mistari tisa, mwandiko umelegea. Nikamwonyesha. Mwanzo alisema tu kwamba dawa ilikosekana. Baadaye akaeleza. Alifika dukani, mbele yake kuna mama ameshika kadi ya kliniki ya mwanawe. Muuzaji akasema zimebaki za mwezi mmoja, mzigo haujafika. Yule mama hakujua kwamba anayemfuata naye ana cheti.

"Nikanyamaza. Akachukua zote."

Haya alikatiziwa dawa ghafla, jambo ambalo kila muuguzi anajua halifanywi. Tangu hapo Sista hununua mapema, akaweka akiba kabatini. Nilimuuliza, je, ile akiba si ndiyo atakayoikosa mama mwingine? Hakukasirika. Alisema swali hilo hulala nalo, na mpaka leo hajui kama siku ile alimwonea mbwa, wala kama leo anamwonea mtoto asiyemjua. Sikuwa na la kumsaidia.

Tulikuwa bado kwenye hilo Haya alipoinuka kwenye mkeka, akatazama kona ya ukuta kana kwamba kaitwa, akaangukia ubavu. Sista alivuta kigoda pembeni, akaketi chini. Mimi nilijikuta nahesabu kwa sauti. Kucha zilikwangua sakafu, mkojo ukatambaa hadi kwenye kiatu changu, na nilipofika 70 miguu ikaanza kulegea. Akainua kichwa, macho wazi, hayaoni. Sista alimsemesha jina lake taratibu, lote, si kifupi chake, mpaka mkia ukagonga sakafu mara moja.

"Nenda kaandike," akaniambia. "Umehesabu wewe."

Getini nikajaza tarehe, saa, muda. Mahali: sebuleni, kwenye mkeka. Baada ya hapo: kagonga mkia. Safu ya mwisho nikaiacha. Nyuma yangu karai lilikuwa tayari linaburuzwa sakafuni, na ng'ambo ya barabara mzee alikuwa anafunga mlango, kofia mkononi, anakohoa kusafisha koo.