Kilo mbili za Idi: tusikate tamaa wala tusijikomoe kwa njaa

 

Ndugu msomaji, katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, mgeni haulizwi kama ana njaa. Huwekewa ugali na nyama, na akiacha kula mwenyeji huhisi amedharauliwa. Ikifika Idi ya kuchinja, pilau, supu na nyama ya kuchoma hupakuliwa tangu asubuhi hadi usiku, na majirani wasio Waislamu nao hukaribishwa. Hiyo ni neema kubwa. Lakini katika nyumba hizo wamo akina mama na wazee walioambiwa na daktari wapunguze uzito kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu. Mtu amejizuia miezi mitatu, akapungua kilo 5. Siku ya tatu ya Idi anapanda mizani na kukuta kilo 2 zimerudi.

Hapo hutokea makosa mawili. Mmoja husema juhudi zake zimepotea bure, akarejea kula bila kipimo. Mwingine hujiadhibu kwa kushinda na njaa siku mbili tatu. Wote wawili hawakuielewa mizani.

Mizani haipimi mafuta peke yake

Wafugaji wetu wanalijua jambo hili. Ng'ombe aliyenyweshwa maji muda mfupi kabla ya kupimwa huonekana mzito, wala hakuna mnunuzi mwerevu atakayesema amenenepa. Mwanadamu naye ni hivyo hivyo: akila kilo 1 ya chakula na kunywa lita 1 ya maji, mizani huongezeka kilo 2 palepale. Chumvi nayo huufanya mwili uzuie maji. Aidha, wanga wa wali na ugali huwekwa akiba katika ini na misuli, na kila gramu 1 ya akiba hiyo hushika takriban gramu 3 za maji.

Ama mafuta, hesabu yake ni nyingine. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini ni sawa na kalori zipatazo 7,700. Ili kilo 2 hizo ziwe mafuta matupu, ingempasa mtu ale kalori kama 15,000 zaidi ya alizotumia, yaani chakula cha siku sita au saba juu ya chakula chake cha kawaida. Hivyo basi, sehemu kubwa ya uzito ule ni maji na chakula kilichomo tumboni, na huondoka ndani ya siku chache mtu anaporejea katika utaratibu wake.

Tufanye nini?

Kwanza, saumu isigeuzwe adhabu. Siku za tashriki, tarehe 11 hadi 13 Dhulhija, Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa ni za kula, kunywa na kumtaja Mwenyezi Mungu, kama alivyopokea Imam Muslim. Vilevile, mgonjwa wa kisukari atumiaye dawa asishinde na njaa siku yoyote bila ushauri wa daktari, kwani sukari yaweza kushuka kwa hatari.

Pili, arejee katika utaratibu wake kwa mlo unaofuata, asingoje wiki ijayo: mboga, maharage, dagaa wa ziwani, ugali wa kiasi, maji, na kutembea kwa miguu.

Tatu, ajipime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa mizani ileile, kisha alinganishe mwezi kwa mwezi. Akina mama wakumbuke kwamba hedhi inapokaribia mwili huweza kuzuia maji.

Nne, nyama ya udhia igawanywe. Wanazuoni wengi wamependekeza mafungu matatu: la nyumbani, la zawadi na la masikini. Mwenye kufanya hivyo hupata thawabu, na chungu chake hakimlemei.

Tano, sisi wenyeji tusimlazimishe mgeni. Ukarimu ni kumkaribisha. Kumshindilia mgonjwa chakula ni kumdhuru.

Lakini uzito ukipanda ghafla pamoja na miguu kuvimba au pumzi kubana, au mjamzito akivimba uso na mikono huku kichwa kikimuuma, hilo si suala la pilau. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Kudumu ndiko kunakotakiwa

Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba amali apendayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, ijapokuwa ni ndogo. Naye Imam Ghazali, katika Ihyaa yake, alieleza kuwa lengo ni wastani: mtu asilemewe na tumbo wala asiteswe na njaa. Basi aliyejizuia siku tisini akateleza siku tatu, asizitupe zile tisini kwa ajili ya hizo tatu. Mwili ni amana, na amana hutunzwa kila siku.

Mwenyezi Mungu atupe afya na uthabiti. Wabillahi tawfiq.