San Siro ilivyokosa kinga kwa siku tano tu

MILAN, ITALIA. SIKU tano tu. Zingepita hizo, kuivunja San Siro kungekuwa shughuli pevu.

Sheria ya Italia inasema jengo la umma likitimiza miaka 70, na aliyelichora keshafariki, haliguswi hovyo. Linahesabiwa urithi mpaka wataalamu waseme vinginevyo. Majukwaa ya duara la pili la San Siro yalijengwa mwaka 1955, na kinga yake ilikuwa ianze Novemba 10, 2025.

Novemba 5, Jiji la Milan likasaini kuuza uwanja kwa AC Milan na Inter. Bei Euro 197 milioni. Madiwani walikuwa wamekesha hadi alfajiri ya Septemba 30 wakibishana, kura zikawa 24 kwa 20. Kwa mauzo ya nyumba ya soka kama ile, hiyo ni kama kushinda kwa penalti.

Unaweza kujiuliza, mbona uwanja wenyewe ulifunguliwa 1926? Ni kweli, na siku hiyo Inter iliichapa Milan 6-3. Tatizo ni kwamba umeongezwa na kubadilishwa mno, hadi ofisi ya urithi ikaona mwaka 2020 kwamba kilichobaki cha zamani hakistahili kulindwa. Ndiyo maana waliopinga wakaning'inia kwenye duara la pili. Lile la tatu, lenye minara na vyuma vyekundu juu, lilikuja kwa ajili ya Kombe la Dunia 1990.

Na hapo ndipo Mwafrika naye ana chake. Juni 8, 1990, Cameroon ilimaliza ikiwa na watu tisa na bado ikaipiga Argentina ya Maradona 1-0, kichwa cha Omam-Biyik. Septemba 1996 George Weah alichukua mpira kwenye boksi lake baada ya kona ya Verona, akakimbia nao uwanja mzima, akafunga. Mkenya McDonald Mariga alikuwa Inter msimu wa mataji matatu, 2010.

Klabu nazo si wajinga. Zinataka uwanja wao wenyewe, siti 71,500, na fedha za mechi ziingie mfukoni mwao, siyo kupanga kwa jiji. Italia inaandaa Euro 2032 pamoja na Uturuki, na Milan tayari imewahi kuumia: UEFA iliipokonya fainali ya Ligi ya Mabingwa 2027 kwa sababu jiji halikuweza kuahidi kwamba uwanja hautakuwa kwenye ukarabati.

Hata hivyo kinga ya kisheria pekee haitoshi. Minara miwili ya Wembley ililindwa kwa sheria, ikaangushwa 2003. Highbury ya Arsenal ilipona nusunusu: kuta za majukwaa mawili zipo, ila ndani ni nyumba za kuishi, na pale alipokuwa akiteleza Thierry Henry ni bustani.

San Siro itabakiziwa kipande kidogo cha majukwaa ya zamani. Uwanja mpya utajengwa jirani kwanza, kwa hiyo tingatinga halijafika bado. Wenye ndoto ya kukaa duara la tatu siku ya dabi wana misimu michache.