Pumzi ya Mkimbiaji

Nilipokuwa kidato cha tatu katika shule hii nilijiona mkimbiaji hodari. Kila jioni sisi wa mbio za mita 5,000 tulikwenda uwanjani, tukauzunguka mara nane kwa nguvu zetu zote, kisha tukaanguka majanini tukihema. Katika mazoezi hapana aliyenipita. Siku ya mashindano ya shule za wilaya niliongoza mizunguko minane. Katika mzunguko wa tisa miguu yangu ikawa kama imejazwa mchanga, na wavulana wakanipita mmoja mmoja, hata yule mwenzetu tuliyekuwa tukimcheka kwa sababu alipenda kukimbia polepole, peke yake, katika njia iendayo mlima wa Wanale. Nililia siku ile. Nikaacha mbio kwa miaka mingi nikidhani sikuumbwa nazo. Sasa najua kwamba kosa halikuwa la mwili wangu, bali la mazoezi yangu.

Misuli inapofanya kazi huunguza chakula kwa oksijeni iletwayo na damu, kama vile kuni ziwakavyo zikipata hewa. Ukikimbia upesi kuliko damu iwezavyo kuleta oksijeni, misuli hutafuta nguvu kwa njia nyingine, iliyo ya haraka lakini haidumu. Muda si muda miguu huwa mizito, nawe huna budi kupunguza mwendo. Katika mbio za mita 5,000, zaidi ya sehemu tisa katika kumi za nguvu hutokana na ile njia ya oksijeni. Hata katika mita 800, ambazo wengi huziona kuwa ni mbio za kasi tu, ni zaidi ya nusu. Basi mimi kila jioni nilikuwa nikiizoeza njia ndogo na kuiacha ile kubwa.

Njia kubwa hupanuliwa kwa kukimbia muda mrefu, kwa mwendo ambao mtu aweza kuzungumza na mwenzake bila kukatizwa na pumzi. Ukifanya hivyo majuma mengi, moyo hupata kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, vimishipa vyembamba vya damu huongezeka ndani ya misuli, na misuli yenyewe huzoea kutumia mafuta ya mwili na kuweka akiba ya sukari yake. Mambo haya hayaonekani kwa macho wala hayaji kwa juma moja, ndiyo sababu vijana huyadharau.

Aliyeyaonyesha wazi kwa vitendo ni Arthur Lydiard wa Auckland, New Zealand, aliyezaliwa mwaka 1917. Hakuwa daktari wala profesa. Alifanya kazi katika kiwanda cha viatu. Alijijaribu mwenyewe kwa miaka, mara akiongeza masafa, mara akipunguza, hata akaona kwamba kiasi cha kilomita 160 kwa juma ndicho kifaacho. Vijana wa mtaani kwake wakamfuata. Kila Jumapili walikimbia kilomita 35 katika vilima vya Waitakere, hata Peter Snell, ambaye mbio zake zilikuwa mita 800! Tarehe 2 Septemba 1960, katika Michezo ya Olimpiki huko Roma, Snell alishinda mita 800, na kabla ya saa moja kupita mwenzake Murray Halberg, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umelemaa, akashinda mita 5,000. Halberg alichomoka ikiwa imebaki mizunguko mitatu, wala hakukamatwa. Siku chache baadaye Barry Magee, naye wa kundi hilo, akawa wa tatu katika marathoni, ile aliyoishinda Abebe Bikila wa Ethiopia bila viatu.

Lakini msinielewe vibaya. Watu wa Lydiard hawakuwa wakitembea. Mwendo wao ulikuwa imara. Wala kasi hawakuiacha. Waliiweka mwishoni, baada ya miezi ya masafa na majuma ya kupanda vilima.

Kilomita 160 si kiasi cha mvulana wa shule. Mifupa na kano hukomaa polepole kuliko moyo, na anayeharakisha huumia. Anza siku nne kwa juma, nusu saa kila siku, uongeze kidogo kidogo mpaka mbio za Jumamosi zifike saa moja na robo. Majuma kumi ya namna hiyo, ndipo uguse kasi. Mwenye homa asikimbie kabisa. Nilipata kumwona mvulana aliyekimbia na malaria ili asipoteze nafasi yake katika timu, akapoteza muhula mzima.

Mimi nilirudia mbio nilipokuwa na miaka 41. Nilihesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kutoka kitandani: yalikuwa 74 kwa dakika. Nikaanza kukimbia polepole, akina mama waendao sokoni wakinicheka na watoto wakinipita. Baada ya miezi mitano yakawa 58. Hesabu hii haina gharama, nanyi mwaweza kuifanya kesho. Tena asubuhi mtakapoona mapigo yamepanda kuliko kawaida, pumzikeni siku hiyo.

Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nipo langoni pa shule pamoja na wavulana sita. Twaenda mpaka chini ya Wanale na kurudi, tukizungumza njia nzima. Atakayeona twaenda polepole mno na aje vivyo hivyo, ila asitutangulie.