Sensa Inayochoka Bila Taa Kuwaka

Waya wa sensa ya oksijeni ukikatika, taa ya injini huwaka na mwenye gari hushtuka. Sensa ikizeeka taratibu, kompyuta huendelea kuiamini kwa miezi.

Sensa ya zirkonia hufanya kazi ikishapata moto wa nyuzijoto 300 hivi. Petroli ikizidi hutoa karibu volti 0.9, hewa ikizidi, karibu 0.1. Kompyuta hufuata mpando na mshuko huo ili kilo 1 ya petroli iungue kwa kilo 14.7 za hewa. Masizi, majivu ya oili na mvuke wa silikoni ya kuzibia gasketi huziba vitundu vya ncha yake. Jibu lililokuja ndani ya sehemu ndogo ya sekunde linachelewa, na petroli inapimwa kwa habari iliyokwisha kupitwa na wakati.

Maltimita ya dijitali inatosha kuligundua hilo nyumbani. Injini ikishapata moto, waya wa ishara hupimwa kwa nyuma ya soketi bila kuuchomoa, kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Namba zivuke 0.45 kwenda na kurudi, mfululizo. Zikiganda chini, sensa isihukumiwe bado. Kanyaga mafuta kwa ghafla: zipande hadi 0.8. Achia: zianguke karibu na sifuri. Ikijibu haraka pande zote mbili, inasema kweli, na kosa liko kwingine. Ufa kwenye ekzosi kabla ya sensa huvuta hewa ya nje. Plagi isiyochoma huacha oksijeni ipite. Kompyuta huona upungufu wa petroli usiokuwepo, huongeza petroli, na sensa iliyo nzima hubadilishwa bila sababu.

(Kipimo hiki hakifai kwa sensa za uwiano wa hewa na petroli, zilizomo kwenye Toyota nyingi za miaka ya karibuni. Hizo husomwa kwa mashine.)

Gharama kubwa ya sensa iliyochoka huja baadaye. Petroli isiyoungua ndani ya injini huunguzwa na masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, ambayo hupata moto kupita kiasi hadi yakayeyuka na kuziba. Injini hukosa nguvu. Gereji nyingi huyatoa, kisha huisogeza sensa ya pili, iliyo nyuma ya masega, nje ya mkondo wa moshi ili kompyuta isilalamike. Gari hurudi barabarani bila masega, sensa ya kwanza ikiwa ileile iliyochoka, na taa imezimika.