Mahali salama kwa vijana wa LGBTQ nchini Tanzania

Mahali salama kwa vijana wa LGBTQ ni mahali, huduma au mtu ambaye kijana mwenye mvuto wa kimapenzi kwa watu wa jinsia yake, au asiyejiona katika jinsia aliyozaliwa nayo, anaweza kumwendea bila kutukanwa, kupigwa, kufukuzwa wala kutangazwa. LGBTQ ni kifupisho cha kimataifa kinachojumlisha wasagaji, mashoga, wanaopenda jinsia zote mbili, waliobadili jinsia na wengine wa namna hiyo. Nchini Tanzania, ambako ngono ya jinsia moja kati ya wanaume ni kosa la jinai, mahali salama mara nyingi hapana jengo wala bango. Ni mtu mmoja anayejua kutunza siri. Makala hii inaeleza jambo hilo kwa kuangalia hasa mkoa wa Songwe na mji wake wa mpakani, Tunduma.

Jina na wazo

Katika shule za Marekani wazo hili lilienea kupitia vilabu vya wanafunzi. Kimoja cha kwanza kilianzishwa mwaka 1988 katika shule ya Concord Academy, jimbo la Massachusetts. Kiswahili kina neno la zamani linalokaribia maana hiyo, nalo ni sitara. Kumsitiri mtu ni kumfunika asidhalilike mbele za watu. Tofauti ni kwamba anayesitiriwa hudhaniwa kuwa na aibu ya kufunikwa, ilhali mahali salama panakusudiwa kumwondolea kijana aibu yenyewe.

Maneno nayo yana uzito. "Shoga" katika Kiswahili cha pwani lilikuwa, na kwa wanawake wengi bado ni, rafiki wa kike wa karibu. Leo neno hilohilo likitamkwa na kundi la vijana stendi ni tusi linaloweza kufuatwa na kipigo.

Sheria

Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, chenye asili ya sheria za kikoloni za Uingereza, kinaadhibu kumwingilia mtu kinyume na maumbile. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, na inaweza kufikia maisha. Zanzibar iliwataja pia wanawake katika sheria yake ya mwaka 2004.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba kifungu hicho kinaadhibu tendo. Muuguzi anayemtibu kijana, au mwalimu anayemsikiliza, hatendi kosa hilo. Tena Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mtoa huduma atunze siri ya anayepimwa, na marekebisho ya mwaka 2019 yaliruhusu kijana wa miaka 15 kupima bila idhini ya mzazi. Kwa hiyo chumba cha ushauri nasaha chenye mlango unaofungwa ni haki ya kijana yeyote, awe nani.

Vituo vilivyofungwa

Katika miaka ya 2010 palikuwa na vituo vya jamii vilivyotoa kinga na ushauri wa UKIMWI kwa makundi yaliyo katika hatari zaidi, wakiwemo wanaume wanaofanya ngono na wanaume. Kazi kubwa ilifanywa na waelimishaji rika, yaani vijana wa kundi hilohilo waliofundishwa kuwafikia wenzao. Kijana alikwenda kuchukua kondomu, akabaki kuzungumza.

Mwaka 2016 Wizara ya Afya ilipiga marufuku ugawaji wa vilainishi. Februari 2017 ilitangaza kusimamisha huduma hizo katika vituo 40, kwa hoja kwamba vilikuwa vikihamasisha ushoga, na kwamba huduma zitolewe katika hospitali na zahanati za umma. Oktoba mwaka huohuo polisi jijini Dar es Salaam walikamata watu 13, wakiwemo mawakili kutoka nje ya nchi, waliokuwa wakijadili namna ya kupinga hatua za serikali mahakamani.

Mwaka mmoja baadaye, mwishoni mwa Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwataka wananchi wampelekee majina ya mashoga. Wizara ya Mambo ya Nje ilisema hayo ni maoni yake binafsi na si msimamo wa serikali. Hata hivyo watu walikuwa wamekwisha kuhama nyumba zao, na wengine hawakuthubutu kwenda kliniki. Aliyeacha dawa za kufubaza virusi kwa hofu ya kuonekana alidhurika sawasawa na aliyekamatwa, ingawa jina lake halikuandikwa popote.

Songwe na Tunduma

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakiwa Vwawa. Unapakana na Zambia na Malawi. Tunduma iko kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, ikitazamana na Nakonde; malori hupanga foleni ndefu, na vijana kutoka mikoa mingi huja kubeba mizigo, kuendesha bodaboda na kubadilisha fedha. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019.

Mtu angedhani mpaka unampa kijana njia ya kutokea. Haumpi. Zambia inaadhibu tendo hilo kwa kifungo kisichopungua miaka 15. Nchini Malawi, ng'ambo ya wilaya ya Ileje, adhabu hufikia miaka 14, na mwezi Juni 2024 mahakama ya nchi hiyo ilikataa kuifuta sheria yake. Sheria zote tatu zina chimbuko moja la kikoloni.

Mji wa wageni una faida yake: mpangaji haulizwi ukoo wake. Lakini chumba cha kupanga hutegemea mwenye nyumba, na neno moja la jirani linatosha kumtoa mtu nje na godoro lake. Hapo ndipo vitisho vya kudai fedha hupata nguvu, kwa sababu aliyetishwa huogopa kwenda polisi. Vijijini Mbozi au Momba mambo ni kinyume. Kila mtu anajulikana, na anayefukuzwa nyumbani hupoteza shamba, chakula na ada kwa siku moja.

Kwa sababu hiyo huduma rafiki kwa vijana katika vituo vya afya zina maana kubwa kuliko jina lake. Kinachohitajika hakina gharama: mhudumu asiulize maswali yasiyohusu tiba, asimwite mwenzake aje kumtazama mgonjwa, na asiseme kwa mama mwenye nyumba alichosikia kazini.

Shuleni

Kanuni za elimu za mwaka 2002 zinaruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, maneno mapana yanayoachia mengi hukumu ya mkuu wa shule. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa kukiuka maadili. Katika hali hiyo walimu wengi huona ni heri kunyamaza.

Lakini kila shule ya sekondari hutakiwa kuwa na mwalimu wa ushauri na unasihi, na kazi yake haibadiliki kwa sababu ya siri aliyoambiwa. Uchunguzi wa shirika la Trevor Project la Marekani mwaka 2019 ulionyesha kwamba vijana wa LGBTQ waliokuwa na mtu mzima mmoja tu aliyewakubali walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 40 wa kusema wamejaribu kujiua katika mwaka uliotangulia. Mwalimu anaweza kukomesha dhihaka darasani bila kutaja jinsia ya mtu, na kumzuia kiranja asimpige mwenzake. Mzazi akiitwa shuleni, aitwe kwa utoro au alama, kamwe isiwe kwa kumfichulia siri ya mtoto. Kwa aliye chini ya miaka 18 anayepigwa au kufukuzwa nyumbani, kuna Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, ambayo hupigwa bure, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili.