Kura ya Mbunge Isomwe Vipi?

Makada wengi hupima msimamo wa mbunge kwa kuhesabu kura zake za ndiyo na za hapana. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Tuchukue mfano wa Joe Manchin, aliyeliwakilisha jimbo la makaa ya mawe la West Virginia katika Seneti ya Marekani tangu 2010 hadi Januari 2025.

Tarehe 7 Agosti 2022 Manchin aliunga mkono sheria iliyotenga takriban dola bilioni 369 kwa nishati na tabianchi. Kura zililingana, 50 kwa 50, ikabidi Makamu wa Rais aamue. Bila kura ya Manchin sheria ile isingepita.

Je, basi yeye ni mtetezi wa nishati safi? Tusiharakishe. Kwanza, mwaka 2021 upinzani wake ulisababisha kuondolewa kwa mpango wa kuyatuza mashirika ya umeme yanayoongeza nishati safi na kuyatoza yanayozembea. Mpango huo haukufika kwenye kura, hivyo haumo katika hesabu. Pili, sheria yenyewe iliweka sharti: bahari isikodishwe kwa mitambo ya upepo kabla ya maeneo mengine kutolewa kwa wachimbaji wa mafuta. Tatu, taarifa zake za mali zilionyesha kipato kutoka kampuni ya makaa ya mawe ya familia yake.

Anayehesabu kura tu atamsifu kupita kiasi. Anayetazama mali tu atasahau kura iliyoipitisha sheria. Kwa hiyo kada aulize maswali matatu: alipiga kura gani, nini kiliondolewa kabla ya kura, na nani alifaidika?